Namba Iliyorukwa

Saa mbili asubuhi mama mzazi wa Sista alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kituo cha polisi, chupa ya chai mapajani, mtandio ameufunga puani kama redio ilivyoelekeza. Ilikuwa siku yake ya tatu. Inspekta alijaribu kupita kwa kujibana ukutani, akashindwa. Benchi lilikuwa mlangoni, na huyu mama alikuwa amelea watoto saba, hakupitwa na mtu kirahisi.

"Siku hizi salamu zimepigwa marufuku pia, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo anatoka?"

"Nikiipata ile barua, anatoka. Mwendesha mashtaka amenipa mpaka saa nane mchana, mahakama ikikaa."

"Na usipoipata?"

"Atasomewa mashtaka."

"Basi ipate, baba," alisema yule mama, kama anayemtuma dukani.

Kazini Inspekta waliyemwita Kupe, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, goti moja bovu, na tabia ya kung'ang'ania jambo mpaka wakubwa wanachoka. Labda ndiyo maana kazi hii alipewa yeye, kwa mdomo tu, na Mkuu wa Upelelezi aliyekuwa akitembea huku akiongea: "Nenda wizarani uone kama hiyo barua ipo au haipo, tumalizane."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika hospitali ya mpakani watu kumi na mmoja walikufa kwa kifua ambacho hakuna aliyekijua, kabla serikali haijatangaza, tarehe kumi na tisa, kwamba ugonjwa umeingia nchini. Wananchi walipouliza kwa nini hawakuambiwa mapema, wizara ilijibu kwamba hata yenyewe haikuambiwa. Daktari wa ile hospitali alikuwa wa kumi na mmoja katika wale waliokufa. Akabaki Sista, muuguzi mkuu, naye ndiye aliyekamatwa: kuficha taarifa za ugonjwa wa kuambukiza na kusababisha vifo.

Sista hakuficha kitu, au ndivyo alivyosema. Yeye na Daktari walipiga simu wizarani kwanza, wakaambiwa ugonjwa hauripotiwi kwa mdomo, waandike. Wakaandika tarehe mbili. Yeye alichapa, Daktari akasaini, bahasha ikapelekwa posta. Nakala ilibaki kwenye kabati la Daktari, lakini alipokufa kilikuja kikosi cha kupulizia dawa, kikachoma godoro, mapazia na kila karatasi ya ofisini. Wizara ilisema barua ya kwanza kutoka mpakani iliingia tarehe kumi na tisa. Kwa hiyo kulikuwa na neno la mwanamke aliye mahabusu na neno la wizara, na mizani ya namna hiyo Inspekta aliijua inavyolala.

Redio ya kaunta ilikuwa ikirudia hotuba ya jana. "Mficha maradhi kifo humuumbua," Waziri alikuwa akisema. Sajini wa kaunta akaongeza sauti.

"Maneno mazito hayo, afande."

"Mazito sana," Inspekta akasema, akatoka.

*

Kwenye geti la wizara mlinzi alimwelekezea kipimajoto usoni, kile cha mfano wa bastola.

"Thelathini na sita."

Kioo cha kile kipimajoto kilikuwa cheusi. Inspekta alisubiri mtu wa nyuma yake apimwe, mwanamke mnene aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi.

"Thelathini na sita."

"Betri unazo humo?" Inspekta akauliza.

"Tumeandika kuomba, afande. Simu yako iache hapa. Ndani simu haziruhusiwi."

Masjala ilikuwa chini, mwisho wa ukumbi, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini na harufu ya gundi. Kila barua inayoingia wizarani hupitia hapo, hupigwa muhuri, hupangiwa faili, hupewa namba, ndipo faili hubebwa kupelekwa kwa mkubwa anayehusika. Wakubwa hawasomi barua, wanasoma faili. Aliyekitawala chumba hicho ni mama mmoja mwembamba aliyeitwa Shangazi na wizara nzima, kuanzia wafagiaji mpaka Katibu. Mezani kwake kulikuwa na muhuri wa tarehe, kidau cha wino na trei tatu za mbao. Kila mtu siku hizo alivaa barakoa ya kitambaa, iliyoshonwa na fundi wa mtaani. Ya Shangazi ilikuwa nene, nyeupe, na kipande cha chuma puani.

Inspekta aliweka kofia yake juu ya trei iliyokuwa karibu.

"Naomba daftari la barua zinazoingia. Tarehe mbili mpaka kumi na tisa."

"Una barua ya kibali?"

"Nina kitambulisho."

"Kitambulisho kinaniambia wewe ni nani. Hakiniambii unataka nini." Hata hivyo alilisukuma daftari. "Soma. Kila kilichoingia kimeandikwa."

Inspekta akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Mwaliko wa semina. Ombi la likizo la bwana afya. Malalamiko kuhusu panya katika stoo ya chandarua. Mwaliko wa semina nyingine. Hospitali ya mpakani ilitokea mara moja tu, tarehe kumi na tisa, kama wizara ilivyosema. Akarudi mwanzo, safari hii akasoma namba peke yake. Tarehe nne kidole kikasimama.

"Mia nne kumi na mbili, panya. Mia nne kumi na nne, semina. Mia nne kumi na tatu iko wapi?"

"Nilikosea kuhesabu."

Inspekta akafunua kurasa za Januari, za Februari, akaenda mpaka za mwaka jana. Hakuona mstari uliokatwa wala namba iliyorukwa.

"Una miaka mingapi hapa, Shangazi?"

"Ishirini na sita."

"Umeshakosea kuhesabu mara ngapi?"

Shangazi alishika muhuri, akaupangusa kwa kitambaa, akaurudisha palepale. "Kila mtu ana siku yake. Kwani posta umekwenda? Tarishi umemwuliza? Mfuko wa yule mzee una tundu, kila mtu anajua. Mwulize tarishi."

Neno tarishi alilisema mara mbili, Inspekta akalisikia mara mbili. Akachukua kofia yake, akatoka kumtafuta tarishi.

*

Tarishi alikuwa nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi la maji, akipaka rangi viatu vyake vilivyokuwa vinang'aa tayari. Mzee wa kustaafu mwakani. Wizarani walimwita Baba Saini, kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mtu kitu bila kumsainisha.

"Mfuko wangu una tundu?" Alisimama. "Nani kasema? Taja jina lake!"

"Nimesikia tu, mzee wangu."

"Mimi nimeoa kwa saini, na siku mke wangu akinichoka itabidi asaini. Tundu!" Akafungua mfuko wake, akatoa kitabu kilichofungwa kwa nailoni. "Tarehe gani unataka?"

"Nne."

Hakuhitaji kutafuta sana. *Bahasha moja ya kaki. Kutoka: hospitali ya mpakani. Imeandikwa HARAKA, mara mbili, kwa wino mwekundu.* Pembeni kulikuwa na saa, tatu na dakika arobaini asubuhi, na pembeni ya saa kulikuwa na saini ndogo iliyosimama wima. Inspekta alikuwa ametoka kuiona saini hiyo chini ya kila ukurasa wa daftari la masjala.

Moyo ulimruka. Hakuwa mtu wa kurukwa na moyo, kwa hiyo alikohoa, na Baba Saini akarudi nyuma hatua tatu.

"Ni vumbi tu, mzee. Unaikumbuka hii?"

"Nitaisahauje? Nilimwambia Shangazi, mtu hawezi kuandika haraka mara mbili kwa utani. Hapa kuna msiba."

"Akasemaje?"

"Akasema haraka haraka haina baraka. Akasaini."

*

Inspekta aliporudi masjala hakukaa. Aliweka kitabu cha tarishi wazi juu ya meza, kidole kwenye saini.

"Hii ni yako."

"Ni yangu."

"Basi barua iliingia tarehe nne. Iko wapi?"

Shangazi hakukitazama kile kitabu. Aliitazama kofia ya Inspekta, ambayo kwa mazoea alikuwa ameiweka tena juu ya trei ileile.

"Mara mbili leo umeikalisha kofia yako juu yake."

Inspekta akaondoa kofia. Trei ya kwanza ilikuwa na kibandiko, *Zinazoingia*. Ya pili, *Zinazotoka*. Hii ya tatu haikuwa na kibandiko. Ndani kulikuwa na bahasha moja ya kaki, maneno mawili mekundu, na karatasi ya dokezo imebanwa juu yake kwa pini.

"Hujaificha," Inspekta akasema.

"Mimi nifiche barua? Barua ikishaingia haifichwi, inasubiri. Hii inasubiri faili." Akaketi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfundisha karani mpya. "Barua haipewi namba mpaka iwe na faili. Haipandi kwa mkubwa mpaka iwe ndani ya faili. Faili jipya halifunguliwi bila kibali cha Mkuu wa Utawala, na kibali hakiombwi bila kutaja jina la faili. Niliomba siku ileile. Soma dokezo."

Inspekta akasoma. Maombi yalikuwa kwa mwandiko wa Shangazi, majibu kwa kalamu nyekundu.

*Tarehe 4. Naomba kufungua faili: Ugonjwa Mpya wa Kifua.* Chini yake: *Nani amesema ni mpya?*

*Tarehe 8. Naomba kufungua faili: Homa Isiyojulikana.* Chini yake: *Wizara haiwezi kuwa na faili la kisichojulikana. Tutachekwa.*

*Tarehe 12. Naomba kufungua faili: Vifo vya Hospitali ya Mpakani.* Chini yake: *Unataka kuleta taharuki?*

*Tarehe 16. Naomba barua hii iwekwe katika faili la Mengineyo.* Chini yake: *Mengineyo limejaa. Omba kibali cha juzuu ya pili.*

Aliisoma mara mbili. Alitafuta humo mahali ambapo mtu alikuwa amesema uongo, kwa sababu upelelezi wake wote wa miaka ishirini na nane uliishia mahali kama hapo, na safari hii hakupaona.

"Mkuu wa Utawala aliisoma barua yenyewe?"

"Haikuwa kwenye faili. Angeisomaje?"

"Yuko wapi sasa?"

"Kamati ya dharura ya taifa. Yeye ndiye katibu wao."

"Na tarehe kumi na tisa?"

"Tarehe kumi na tisa jina la ugonjwa lilitoka nchi za nje, limeshatengenezwa. Faili likafunguliwa kwa dakika kumi. Siku hiyohiyo mpakani wakaleta orodha ya waliokufa, ndiyo ikawa ya kwanza humo."

"Na hii ukaiacha kwenye trei."

"Jina lile halimo katika barua hii. Hii inasema kifua cha ajabu. Nikiweka barua kwenye faili lisilolingana nayo, mkaguzi akija nitamwambia nini?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa sasa. Alikitazama kile kipande cha chuma puani mwa Shangazi. Barakoa za aina hiyo zilikwisha katika maduka yote tarehe ishirini, siku moja baada ya tangazo. Yeye mwenyewe alizungukia maduka sita kumtafutia mkewe, akarudi mikono mitupu.

"Shangazi. Hiyo barakoa ulinunua lini?"

Feni ilizunguka, ikazunguka.

"Tarehe nne," akasema. "Mchana, wakati wa chakula."

"Uliisoma."

"Niliisoma. Lazima nisome, ndipo nijue ni ya faili gani. Nikanunua boksi mbili, za watoto na wajukuu. Muuzaji akaniuliza, mama, unafungua zahanati? Nikamwambia kuna vumbi nyumbani." Machozi yalimtoka, yakaingia ndani ya barakoa, naye hakuyafuta. "Nilikula kiapo cha siri, Inspekta. Miaka ishirini na sita. Jirani yangu wa mlango wa pili amezikwa juzi. Kila asubuhi nilikuwa nasalimiana naye pale uani, mimi nimevaa na yeye hajavaa."

Inspekta alimwonea huruma na alitamani kumpiga, yote mawili kwa wakati mmoja.

"Ndiyo maana uliruka namba," alisema hatimaye. "Na ukanituma kwa tarishi."

"Niliitunzia nafasi yake. Siku ikipata faili, iingie mahali pake." Akafuta macho, akavuta kitabu kingine. "Sasa unaichukua. Saini hapa. Hapa andika tarehe. Hapa namba ya jalada lako la polisi."

Inspekta akasaini, akaandika tarehe. Mstari wa tatu aliuacha.

"Namba nitakuletea."

"Sitoi bila namba."

"Shangazi, kuna mwanamke mahabusu. Saa nane anapelekwa mahakamani kwa kosa la kutoandika barua hii."

Shangazi aliutazama ule mstari mtupu kama watu wengine wanavyotazama nyoka. Kisha akaachia bahasha.

*

Barua aliisoma nje, juu ya boneti ya gari, baada ya kupewa simu yake. Aliipiga picha, akalipiga picha na lile dokezo. Ilikuwa fupi. *Tumepoteza wagonjwa wanne kwa siku sita. Wauguzi wawili wamelala. Dawa tunazozijua hazisaidii. Tunaomba barakoa, glovu, na mtu wa kutuambia hiki ni kitu gani. Tunaomba pia watu wa vituo vingine waambiwe mapema.* Ilisainiwa na mtu ambaye sasa alikuwa kaburini.

Saa tano na nusu alikuwa ofisini kwa Mkuu wa Upelelezi. Mkuu alikuwa na chupa ya spiriti mezani na alijipaka mikononi kila alipogusa karatasi. Aliisoma barua, akajipaka. Akasoma dokezo, akajipaka tena.

"Kazi nzuri, Kupe."

"Asante, mkuu. Naomba ipelekwe kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa nane, Sista aachiwe."

"Itapelekwa kama kielelezo." Mkuu akavuta daftari la vielelezo, akachukua kalamu. "Jalada namba ngapi?"

"Mkuu, kazi ulinipa wewe. Kwa mdomo."

"Nilikwambia ukaangalie. Sikukwambia ufungue jalada."

"Basi nifungue sasa hivi."

"Mlalamikaji nani?"

"Sista."

"Sista ni mtuhumiwa. Mtuhumiwa hawezi kuwa mlalamikaji kwenye shauri lilelile, unajua hivyo kuliko mimi. Na mshtakiwa utamwandika nani? Wizara?" Mkuu hakuwa akimkejeli. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya siku nyingi. "Bila jalada siwezi kuipokea. Bila kupokelewa si kielelezo, ni karatasi."

"Nina picha yake."

"Picha ya karatasi isiyo na jalada ni uvumi, Kupe. Sheria ya uvumi imetoka juzi, kifungo miaka mitatu. Usinilazimishe nikukamate wewe, tafadhali. Sina pa kukuweka."

"Mkuu, tunajua hakuficha. Mimi najua, na sasa wewe unajua."

"Najua."

"Basi?"

"Basi nini? Nitaandika juu, niombe mwongozo." Akafungua droo, akaweka bahasha, akafunga. Inspekta alisikia ufunguo ukizunguka. Kisha Mkuu akasogeza karatasi nyingine, iliyokuwa imeingia saa hiyohiyo. "Na tena, haraka imekwisha. Waraka huu hapa. Mahakama zote zimeahirishwa siku thelathini, kuanzia saa sita leo, kuzuia msongamano."

Inspekta akausoma mpaka chini, akageuza upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

"Na mahabusu?"

"Waraka hausemi kitu kuhusu mahabusu."

Alimpigia mwendesha mashtaka pale koridoni, mara sita. Simu ilikuwa imezimwa.

*

Sero ya wanawake ilijengwa kwa ajili ya watu watano. Siku hiyo walikuwemo kumi na wanne, wengi wao wauza mboga waliokamatwa kwa kukaidi amri ya kufunga soko. Inspekta alidhani atakuta vurugu, lakini walikuwa wameketi kwa mistari, wote upande wa dirisha, migongo imenyooka. Sista peke yake alikuwa kwenye kona ya choo, uso kautazamisha ukutani. Alikuwa amewapanga kama wodi.

"Usisogee, afande," alisema bila kugeuka. "Simama hapohapo. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Imeandikwa haraka mara mbili?"

"Mara mbili. Kwa wino mwekundu."

Mabega yake yalishuka. "Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama niliipeleka posta kweli. Siku tatu mtu anaambiwa hukuandika, hukuandika. Mwisho unaamini. Kwa hiyo natoka."

Inspekta aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyemwahidi mama wa mtu kitu.

"Hapana, Sista. Sijui lini."

Aliongea mambo ya jalada na waraka, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kujichukia. Sista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu:

"Sasa nisikilize mimi. Nina homa tangu alfajiri. Kifua kimeanza. Nakijua, nimekiuguza. Watoe hawa humu ndani leo, si kesho. Yule wa njano ana mimba, awe wa kwanza. Na mama yangu arudi nyumbani, asichukue hata kikombe nilichonywea."

Inspekta akamwita Sajini wa kaunta. Sajini akaja na bastola yake ya kupimia joto, akainyoosha katikati ya nondo.

"Thelathini na sita, afande."

"Ina betri?"

"Zimeombwa."

"Watoe hawa wanawake. Waweke uani."

"Kwa amri gani, afande? Mahabusu hatoki sero bila amri ya mahakama, na mahakama..." Sajini mwenyewe aliusikia mwisho wa sentensi yake, akaacha.

"Aandike basi," Sista akasema, bado kautazama ukuta. "Aandike kwamba nimeripoti. Leo, saa hizi. Mara hii nataka nione ikiandikwa."

Sajini akaleta kitabu cha matukio, akakiegemeza ukutani, akalamba kidole, akakumbuka, akakifuta kwenye suruali. Aliandika saa: saba na dakika kumi na tano. Akaandika namba ya tukio. Kisha kalamu ikasimama kwenye safu ya aina ya tukio, ambayo chini yake, ukurasa mzima, kulikuwa na wizi, ugomvi, ulevi, kukaidi amri.

"Niandike aina gani, afande?"

"Ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Hajapimwa na daktari. Nikiandika ule wenyewe, nitakuwa nimetangaza, na kutangaza ni kazi ya Waziri." Alimtazama Inspekta, na machoni mwake hapakuwa na ubishi, palikuwa na woga mtupu. "Mimi nitairuka hii namba, afande. Tutajaza wakituambia."

Sista alikohoa, na wale wanawake wakasogea dirishani zaidi, ingawa hapakuwa na pa kusogea.

Inspekta akatoka. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na benchi lilikuwa hapohapo mlangoni.

"Mwanangu," yule mama akamdaka, "barua umeipata?"

Angeweza kusema uongo. Lakini siku nzima alikuwa amekwenda huku na huko kwa ajili ya barua ile, na ilikuwa kweli.

"Nimeipata, mama."

Yule mama alishusha pumzi ndefu. Akasimama, akakung'uta nguo, akafunika vizuri chupa ya chai. Kisha akafungua mtandio puani, akaushusha mabegani, ili mwanawe akitoka amwone uso.

"Nimsubiri hapahapa," akauliza, "au niingie ndani nikampokee?"